Niliposema Wawili

Chumba kilikuwa kidogo, na juu ya meza palikuwa na boksi la tishu. Nilipoliona tu nikajua hatukuitwa kusikia habari njema. Nesi wa utafiti akasogeza kiti chake karibu na changu. Alikuwa mama wa Kihindi wa umri wangu, mzaliwa wa Kisumu, aliyeletwa Uingereza na wazazi wake akiwa na miaka kumi. Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya, cha polepole, na katika hospitali nzima ni yeye peke yake niliyeweza kuzungumza naye bila mkalimani wa kwenye simu.

"Mama, nitakuuliza kitu moja, na ni muhimu sana," akasema. "Huyu binti yako ana ndugu wangapi wa tumbo lako, na baba ni huyo huyo? Macousin usihesabu."

"Wawili," nikasema.

Akaandika. Kalamu yake haikusita, na mimi sikusita. Jibu la namna hiyo nilikuwa nimelitoa kwa miaka ishirini na moja: kwa watu wa kambi ya wakimbizi waliotuandikisha, kwa wachungaji, kwa maofisa wa nchi hii. Mdomo wangu ulikuwa umelizoea. Lakini siku ile, nilipokwisha kulisema, nilijua kwamba huenda nimemuua mwanangu, na bado sikulirudisha.

Nieleze polepole, maana nikienda mbio nitaanza kujitetea, na sitaki kujitetea.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na saba. Alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa unaozifanya chembe nyekundu za damu zijikunje kama mundu na kukwama kwenye mishipa. Alipokuwa na miaka saba, asubuhi moja akinywa uji amevaa sare za shule, kiharusi kilimpiga: mdomo wake ulikwenda upande na kijiko kikamtoka mkononi. Tangu siku hiyo, kila baada ya wiki sita, alilazwa kwenye kiti pembeni ya mashine iliyotoa damu yake na kumtia ya watu wengine. Miaka kumi alitembea Birmingham na damu ya watu tusiowajua. Kila Jumapili niliwaombea, na sikujua hata jina la mmoja.

Kisha mwili wake ukaanza kuwakataa. Nesi alinieleza kwamba kila damu ina alama zake, na watoaji wengi wa nchi hii ni wazungu, alama zao si zetu. Mwili wa binti yangu ulikuwa umeziona alama hizo ngeni mara nyingi mno, ukaanza kutengeneza kingamwili za kuzishambulia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya yule nesi na wenzake wa maabara: kutafuta kwa nini kuna miili inayosamehe damu ya mgeni na mingine haisamehe. Kila tulipokwenda alichukua kichupa kimoja cha ziada kwa ajili ya utafiti wao. Binti yangu alimtania.

"At least somebody wants my blood," alimwambia.

Mwezi wa pili wa mwaka ule alitiwa mifuko miwili. Siku ya tano mkojo wake ukawa mweusi kama Koka. Mwili uliivunja damu ya mgeni, na ulipoimaliza ukageukia ya kwake mwenyewe. Alilala rangi yake imekuwa ya majivu, macho ya njano, anapumua kama mtu aliyepanda ngazi. Daktari mkuu, mzungu mrefu mwenye sauti ya chini, alitueleza bila kupinda maneno: tukimwongezea damu inaweza kumuua, na tusipomwongezea anaweza kufa kwa kukosa damu. Wakamtia dawa za kuutuliza ule mwili wake mkali, na tukangoja.

Alipona mara ile. Lakini daktari alisema safari ijayo hana uhakika, na safari ijayo itakuja. Kilichobaki ni kumbadilishia uboho, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Kuna tiba mpya ya kurekebisha chembe za mgonjwa mwenyewe, nimeisoma mpaka macho yakauma, lakini kabla yake mgonjwa hutiwa damu kwa miezi, na kwake damu ilikuwa sumu. Kuna watoaji wanaolingana na mgonjwa nusu tu, kama mzazi. Walinipima. Wakakuta tayari ana kingamwili dhidi ya chembe zangu. Nilimbeba tumboni, nikambeba mgongoni mpaka mtoto ana miaka mitatu, na mwili wake ulikuwa umejifunza kunikataa na mimi. Nilikaa kwenye basi la kurudi nyumbani Lozells nikatukana, kwa sauti, na mzee wa Kibengali aliyekaa mbele yangu akahama kiti.

Basi ilibaki ndugu wa tumbo moja. Kila mmoja ana bahati moja kati ya nne ya kulingana naye. Ndiyo maana swali liliulizwa, na ndiyo maana jibu langu lilikuwa na uzito ule.

Mtoto niliyemruka ni wa pili kuzaliwa.

Dada yangu mkubwa hakujaliwa. Mimba nne zilimharibikia, ya mwisho tukiwa tunakimbia vita, tumevuka ziwa kwenda upande wa Kigoma. Kambini mume wake akaanza kutafuta mke mwingine. Mimi nilikuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitatu, na nikajifungua msichana. Mama yetu alikuwa hai. Hakunibembeleza wala hakuniamuru. Aliniuliza tu kama nitaweza kula nikashiba huku dada yangu ananitazama. Kwetu kumpa dada yako mtoto si ajabu, mtoto wa dada yako ni wako tangu zamani, lakini kumtoa kabisa kuna njia yake. Mtoto alipoanza kukaa, nilimfunga kwenye kitenge kipya. Dada akaniletea kitenge chake, tukabadilishana mbele ya mama. Nikampa mtoto kisogo, nikarudi kwenye hema langu bila kugeuka. Na kabla ya hapo niliapa, mimi na mume wangu: hatutamwita wetu, si kwa njaa, si kwa vita, si kwa kifo.

Kwenye kadi ya chakula akaandikwa chini ya dada. Maziwa yalinivuja wiki mbili, nikayakamulia kwenye kopo na kuyamwaga nyuma ya choo. Aliyesema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi hakusema ni mzazi yupi.

Mimi na dada tuliletwa Birmingham mwaka mmoja, mimi Lozells, dada Nechells, karibu na magodauni ambako baadaye nilipata kazi ya kufunga vifurushi. Mume wa dada alikuwa ameshakwenda zake. Mume wangu alifia hapa, moyo, kitinda mimba wetu akiwa bado anatambaa. Dada alimlea msichana peke yake na alimlea vizuri kuliko nilivyolea wangu, nasema bila wivu, au kwa wivu kidogo. Msichana akawa mtu mzima, mrefu, mwenye mikono ya baba yake. Alipata kazi kwenye duka la nguo Sparkhill, Stratford Road, akajifunza Kiurdu cha kutosha kuwauzia mabibi harusi wa Kipakistani. Kila Jumamosi alikuja kumsuka binti yangu, hata akiwa wodini. Mimi aliniita Mama Mudogo. Jina hilo lina mama ndani yake, na lilinitosha.

Siku niliposema wawili, alikuwa nje ya mlango ule, ameshika begi la binti yangu na chanuo.

Wakati tunangoja majibu ya watoto wangu wawili wa kiume, nilikwenda kutafuta damu. Nesi alikuwa ameniambia kwamba damu ya watu wa kwetu ndiyo inayopungua kwenye friji zao, na hata kama haitamfaa binti yangu itamfaa mwingine. Nikasimama kanisani baada ya matangazo. Mimi si mtu wa kuombaomba. Nikawaambia wanaangalia mtoto akifa huku wamekaa juu ya dawa. Mzee mmoja wa mstari wa mbele, tunayemwita Papa, akasema wazungu huchukua damu wakaiuze.

"Ya kwako, Papa, ni ya siku mingi," nikamjibu. "Nani ataiuza?"

Wakacheka, na wakaja. Tulijaza magari mawili kwenda kituo cha damu cha mjini. Mezani kila mtu akaulizwa kama amewahi kuugua malaria. Nani kati yetu hajaugua malaria? Ni sawa na kumwuliza mtu kama amewahi kunyeshewa. Wengi waliambiwa wapimwe kwanza na warudi siku nyingine. Mama mmoja alitoka na biskuti mkononi, damu yake yote ingali mwilini, ananiomba radhi kana kwamba ameniibia. Nilimkumbatia kwenye maegesho ya magari. Nilikuwa na aibu, kwa sababu watu hawa walikuwa wananyoosha mikono, na mimi nilikuwa nimeficha mtoto mzima.

Majibu yalikuja siku ya Alhamisi. Kifungua mimba hakulingana. Kitinda mimba hakulingana. Huyu wa mwisho ana miaka kumi na moja, Kiswahili anakisikia lakini hakisemi, na alikuwa amejiandaa kwa sindano kwa siku nyingi.

"Did I fail?" akaniuliza.

Nikamwambia hakuna aliyefeli. Nesi akasema wameshatafuta kwenye daftari la watoaji wa dunia nzima, na watu wa asili yetu waliojiandikisha humo ni wachache. Hakuna. Alilisema neno hilo huku amenishika kiganja. Wiki hiyo hiyo maumivu yakarudi kwenye mifupa ya binti yangu, na damu yake ikaanza kushuka tena, taratibu, kila asubuhi chini ya jana. Alikuwa analia kwa kuuma shuka ili wagonjwa wengine wasimsikie. Nilisimama pale nikijua kuna mtu mmoja kwenye mji huu, kwa mabasi mawili tu, ambaye huenda mifupa yake ina dawa, na ninayeweza kumwambia ni mimi.

Nilikwenda Nechells Jumamosi mchana, saa ambazo msichana yuko dukani. Dada alikuwa jikoni anakatakata vitunguu vya sombe, yale majani ya muhogo.

"Dada, mutoto anakufa," nikasema.

"Najua. Siku tatu sikule. Niko namuombea."

"Bandugu yake babili, ilikataa. Inabakia mumoja."

Kisu kikasimama. "Mumoja gani?"

Nikatazama vitunguu.

"Sema. Mumoja gani?"

"Unamujua."

Akanawa mikono, akaikausha kidole kwa kidole. Dada yangu hapandishi sauti. Hasira zote za nyumba yetu nilizirithi mimi.

"Uliapa mbele ya mama. Si kwa njaa, si kwa vita, si kwa kifo. Nilikuwa pale."

"Mama hakujua kama kutakuwa hii."

"Mama alizika batoto sita. Kifo alikuwa anakijua." Akakaa. "Sikia. Weye uko na batatu. Kifo kikipita kwako, Mungu akatae, utabakia na babili. Mimi niko na mumoja. Siku utamuambia, nabakia na sifuri."

Nilimchukia. Nilitaka kuipindua ile sufuria. Nilimchukia zaidi kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi, na mimi niliyezaa wanne sikuwa na haki ya kubishana na mtu mwenye mmoja. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Bamupime tu comme cousine," akasema. "Atoe, na asijue. Inawezekana, non?"

Nikashika kamba hiyo kama mtu anayezama. Jumatatu nilimfuata nesi kwenye korido na nikamwomba kile kile: ampime binamu, asimwambie kitu. Nilijieleza vibaya, nikarudia, na katikati ya kurudia nikasikia nimeshasema yote. Kitenge, kiapo, kadi ya chakula. Aliweka chini trei yake ya vichupa.

"Mama, hii kitu umekaa nayo miezi mitatu?"

Afadhali angenigombeza.

"Siwezi kumpima mtu bila ajue anapimiwa nini," akasema. "Na lab itaona. Undugu huonekana kwenye results, hauwezi kufichika. Akiniuliza, mimi sitamdanganya. Yeye ni mtu mzima, lazima achague mwenyewe."

Nikamuuliza kama watapeleka habari kwa watu wa uhamiaji, kwamba tuliandikisha mtoto kwa mama asiyemzaa. Akasema yeye kazi yake ni damu. Halafu akasema neno moja ambalo sijalisahau, kwamba nikiamua kumwambia, nisimwambie hospitalini, kwa sababu huko kila mtu huona haya kukataa.

Basi nilikwenda Sparkhill. Nilisimama kwenye kioo cha duka nikamtazama akikunja mitandio ya dupatta ya rangi ya manjano, anailaza mmoja juu ya mwingine. Aliponiona akadhani binti yangu amefariki. Uso ule sitaki kuuona tena. Nikamtikisia kichwa kwamba hapana, nikangoja afunge kazi. Tulikaa kwenye kituo cha basi mbele ya duka la peremende, magari yanapiga honi, watu wanatupita na mifuko ya nyama, na hapo ndipo nilipovunja kiapo changu. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri. Hayakuja. Nilisema, mimi ndiye niliyekuzaa, nikakutoa kwa dada yangu ukiwa na miezi sita, na ndugu yako anahitaji uboho.

Kwa mpangilio huo. Hata leo naona ubaya wake. Nilimpa mama na kumwomba mifupa kwa pumzi moja.

Mabasi mawili yakapita.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Mama yako. Na bamama ba kanisa, bale ba kambini."

"So all this time, kila Sunday, mulikuwa munaniangalia tu."

"Ndiyo."

"Na kama hangekuwa mgonjwa? Ungeniambia?"

Ningeweza kusema ndiyo. Lilikuwa swali jepesi na uongo mdogo. Lakini nilikuwa nimechoka.

"Hapana," nikasema.

"Okay."

Basi la mjini likaja, akapanda, akakaa upande wa pili ambako sikuweza kumwona.

Hakurudi Nechells usiku ule, wala uliofuata. Alikuwa kwa rafiki yake wa kazini. Siku ya tatu dada yangu alikuja Lozells. Hakuingia ndani. Alikuwa amebeba mfuko wa plastiki, na ndani yake kulikuwa na kile kitenge nilichomfungia mtoto, kimekunjwa, rangi bado kali. Alikuwa amekiweka miaka ishirini na moja bila kukivaa.

"Nakurudishia," akasema. "Na yangu?"

Chake, alichonipa siku ile, sikuwa nacho. Kiliisha kambini kwa kumbebea binti yangu mgonjwa, na vipande vyake tulivifanyia nepi. Nilimwambia hivyo. Akaweka mfuko kwenye kizingiti, akaondoka kwa miguu ingawa mvua ilikuwa inanyesha na basi lilikuwa linakuja. Maji yakimwagika hayazoleki. Nilikaa ngazini na kile kitenge magotini nikawaza kwamba sasa nimewapoteza wote watatu: dada, msichana, na huyo aliyelala hospitalini.

Siku tisa msichana hakuonekana. Nilikwenda kazini nikafunga vifurushi vya watu, nikatoka kazini nikaenda wodini, nikapaka mafuta miguu ya binti yangu, nikamdanganya kuwa dada yake ana mafua ndiyo maana hakuja kumsuka. Nywele zake zilijikusanya upande mmoja wa kichwa. Alikuwa anaongea kidogo zaidi kila siku. Siku ya tisa simu ililia nikiwa zamuni.

"Amekuja," nesi akasema. "Peke yake. Nimechukua sample."

Na wiki mbili baadaye: "Match, Mama. Kila kitu."

Nilikaa sakafuni kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kati ya mabuti ya watu. Msimamizi alikuja akadhani nimeanguka. Nililia kwa furaha, na ndani ya furaha ile ile nilikuwa na hofu, kwa sababu sasa nilijua kwamba miezi yote ile, mtoto akiuma shuka, dawa ilikuwa inashinda nje ya mlango na chanuo mkononi, na aliyeuziba mlango ni mimi.

Mtoaji hupewa daktari wake, si yule wa mgonjwa, ili asisukumwe na mtu. Msichana aliongea na huyo daktari mara tatu. Kisha akaniletea ujumbe kupitia kwa nesi. Anakubali. Siku ya kutoa anataka mama yake awe naye. Mimi nisije.

Mama yake alikwenda. Siku hizi mara nyingi hawatoboi mfupa: alidungwa sindano tumboni siku kadhaa ili chembe za uboho zitoke na kuingia kwenye damu, mgongo ukamuuma mpaka akashindwa kuinama, halafu akakaa saa nne na mirija mikono yote miwili huku mashine inazichuja. Dada yangu alimlisha uji kwa kijiko. Nesi ndiye aliyenieleza. Mimi nilikuwa mgahawani ghorofa ya chini, chai yangu imepoa, nimetii.

Kesho yake mfuko ukaletwa kwa binti yangu. Ulikuwa mdogo, unaenea kiganjani, rangi ya mchuzi wa nyanya. Wiki nzima kabla ya hapo walikuwa wameizima kinga yake kwa dawa, na wakamtia damu adimu iliyogandishwa, waliyoitafuta mbali, huku kila mtu chumbani anaangalia mkojo wake. Haukubadilika rangi. Sasa yeye akautazama ule mfuko unavyodondoka.

"Is that it?" akasema.

Nilikuwa nimemwambia kila kitu, na nilingoja anikasirikie. Alifikiri kidogo.

"She was already my sister, Mum," akasema, na akageuka ukutani alale.

Wiki tatu hakuna kitu. Chembe sifuri, homa, midomo imechubuka, chakula hakipiti. Nilimwambia Mungu mambo ambayo mchungaji asingependa kuyasikia. Kisha asubuhi moja zikaonekana, chache, halafu nyingi. Leo ni mwezi wa tano tangu atiwe uboho ule. Damu inayotembea ndani yake si ya kwake tena, hata kundi lake la damu limebadilika na kuwa la dada yake. Nesi bado anachukua kichupa chake cha utafiti. Anasema maabara nzima huja kukitazama, kwa sababu mwili uliokuwa unakataa kila mtu umempokea mmoja.

Msichana alirudi Nechells. Alirudi kwa mama yake, na anamwita mama, na Jumapili wanakaa benchi moja kanisani kama zamani. Dada yangu alikosea hesabu. Hakubaki na sifuri. Tunasalimiana kwa kichwa, na iko siku tutazungumza, kwa sababu wazee wetu wamekwisha na hatuna wa kutusuluhisha ila sisi.

Aliyebaki na sifuri ni mimi, kwa upande ule. Msichana haniiti mama, hilo sikulitarajia. Lakini haniiti Mama Mudogo pia. Haniiti chochote. Binti yangu anatunzwa nyumbani, na wagonjwa wa namna yake hupimwa joto kila siku, maana homa ndogo inaweza kuwa jambo kubwa. Kila jioni saa kumi na mbili simu yangu inalia, ni msichana.

"Joto ngapi?" anauliza.

"Thelathini na sita nukta saba."

"Amekula?"

"Amekula wali na samaki."

"Merci. Mupe simu."

Nampa. Hayo ndiyo mazungumzo yetu. Joto naliandika kwenye kalenda ya jikoni, na siku nyingine naongeza alichokula mchana, jinsi alivyolala, ili niwe na maneno mawili zaidi. Kuanzia saa kumi na moja na nusu sishiki kazi nyingine. Nakaa karibu na simu, mikono mikavu.

Jana kliniki daktari mrefu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Alisema mambo ni mazuri, hakuna haja ya kupima joto kila siku, tupime tu akijisikia vibaya. Binti yangu alirusha mikono juu. Kwenye basi aliimba njia nzima, na mimi nilimshukuru Mungu, kweli nilimshukuru.

Tulipofika nyumbani ilikuwa saa kumi na moja na nusu. Nikatoa kipimajoto kwenye droo, nikamwita aje akae.

"But he said we don't have to," akasema.

Nikamwambia afungue mdomo.